Nafuu ya kodi ya pampu za joto Marekani: nani aliipata, nani ilimpita, nani bado anaweza kuidai

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima wa Bukavu, aliniletea bahasha ya karatasi zake za kodi nimsaidie kuzisoma. Tunaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, ambako siku hizi si ajabu mtu kumaliza manunuzi yake ya Jumamosi kwa Kiswahili kitupu. Ndani ya bahasha mlikuwamo stakabadhi ya Septemba 2024: pampu ya joto ya kufungwa ukutani, dola 5,200 pamoja na kazi ya fundi. Nikamuuliza kama alidai nafuu ya kodi ya pampu ile. Akatikisa kichwa. Kijana mmoja wa kanisani kwake alikuwa amemfasiria tangazo kwamba serikali inatoa "mkopo wa kodi" kwa wanaofunga vifaa vya namna hiyo, na yeye madeni hayataki.

"Mwanangu, mkopo huo ningeulipa lini?" akaniuliza. "Na riba yake ingekuwa kiasi gani?"

Neno moja lililofasiriwa vibaya lilikuwa limemkosesha dola 1,560.

Tuanze basi na jina. Kiingereza hutumia neno lile lile, "credit", kwa mkopo wa dukani na kwa kiasi kinachoondolewa kwenye kodi ya mtu, na hapo ndipo "mkopo wa kodi" unapozaliwa. Hakuna anayekukopesha wala atakayekuja kukudai. Ni kiasi ambacho sheria inaruhusu kiondolewe kwenye kodi yako baada ya hesabu yote kukamilika. Waliowahi kuajiriwa Kenya wanakijua kitu hiki tangu zamani: kwenye hati ya mshahara PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa hesabu kwanza, kisha zinatolewa shilingi 2,400 za kila mwezi, ile afueni binafsi. Hiyo ni nafuu ya kodi kamili. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni habari nyingine. Wenyewe hutolewa kwenye mshahara kabla kodi haijakokotolewa, kwa hiyo hupunguza mapato yanayotozwa kodi, kodi yenyewe ikifuata nyuma kidogo.

Mfukoni tofauti ni kubwa. Anayetozwa asilimia 12 akipunguziwa dola 1,000 kwenye mapato yake, ameokoa dola 120. Akipewa nafuu ya kodi ya dola 1,000, ameokoa dola 1,000. Ndiyo maana nafuu ya kupasha na kupoza nyumba ilikuwa jambo zito, na ndiyo maana inauma kuona watu wengi wa kwetu iliwapita bila wao kujua.

Mashine yenyewe

Aliyewahi kusimama nje ya jengo Mombasa au Dar es Salaam, upande ule ambako feni ya kiyoyozi inavuma, anajua kwamba upepo unaotoka pale ni wa moto. Kiyoyozi kinachota joto la chumbani na kulimwaga nje. Pampu ya joto ni mashine hiyo hiyo ikiongezewa vali ya kugeuza mwelekeo: majira ya joto inaliondoa joto la ndani na kulimwaga nje, majira ya baridi inalichota nje na kuliingiza chumbani. Watu huniuliza ni joto gani hilo liko nje wakati theluji imetanda. Lipo. Gesi inayozunguka katika mabomba yake huchemka kwenye ubaridi mkali kuliko wa hewa ya nje, kwa hiyo hata hewa iliyo chini ya sifuri inaipasha. Kompresa ikiibana, inazidi kupanda joto, na joto hilo linaachwa ndani ya nyumba.

Kwa kuwa inahamisha joto lililopo, umeme wa uniti moja huleta uniti mbili hadi nne za joto. Hita ya kawaida ya umeme hutoa uniti moja ya joto kwa kila uniti ya umeme. Tanuri la gesi, hata liwe bora namna gani, haliwezi kutoa joto zaidi ya lile lililomo kwenye gesi liliyochoma. Takriban nusu ya nishati inayotumika katika nyumba za Marekani inakwenda kwenye kupasha na kupoza hewa, hivyo serikali inayotaka kupunguza matumizi ya mafuta, gesi na umeme haiwezi kuuruka mlango huu.

Nafuu iliyokufa na kufufuka

Jaribio la kwanza lilikuwa la Rais Jimmy Carter. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, sheria ya Novemba 1978 iliwapa wenye nyumba asilimia 15 ya dola 2,000 za kwanza walizotumia kuziba nyumba zisipoteze joto, yaani dola 300 kwa juu kabisa. Ilikoma mwisho wa 1985. Miaka 20 ilipita, kisha George W. Bush akatia saini sheria ya nishati ya Agosti 2005 iliyoanzisha kifungu kinachojulikana kama 25C. Kiwango kilikuwa asilimia 10, na kikomo dola 500 kwa maisha yote ya mlipa kodi. Mwaka 2009, uchumi ukiwa taabani, serikali ya Barack Obama ilipandisha hadi asilimia 30 na kikomo cha dola 1,500 kwa miaka miwili, halafu mwaka 2011 mambo yakarudi kwenye zile dola 500.

Kuanzia hapo nafuu hii ikawa kama taa ya kibatari iliyo upenuni. Kongresi, bunge la Marekani, iliiacha ife Desemba, kisha ikaifufua baadaye na kuirudisha nyuma. Ya mwaka 2018, kwa mfano, ilirudishwa Desemba 2019. Fikiria maana yake: mtu alinunua tanuri jipya mwanzoni mwa 2018, akajaza kodi yake 2019, na miezi mingi baada ya hapo sheria inamwambia kwamba alistahili nafuu. Fedha hiyo haikumshawishi kuchagua mtambo bora, maana mtambo ulishanunuliwa. Kwangu mimi huo ndio udhaifu wa kwanza wa njia hii. Nafuu ya kodi hufanya kazi yake pale tu mtu anapoijua na kuiamini kabla hajaenda dukani.

Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei, ambayo licha ya jina lake ilihusu sana nishati na hali ya hewa. Ikaahidi asilimia 30 kuanzia 2023 hadi mwisho wa 2032, miaka 10 mizima. Mafundi waliajiri, viwanda vikapanga, wenye nyumba wakaanza kuweka akiba. Kwa mwaka wa kodi wa 2023 peke yake, zaidi ya familia milioni 3.4 zilidai nafuu za nishati ya nyumbani, zikiwemo za paneli za jua, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8. Halafu tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump akatia saini sheria yake kubwa ya kodi na matumizi, na ndani yake mlikuwa na sentensi fupi: 25C inakoma mwisho wa Desemba 2025. Miaka 10 ikawa mitatu.

Kanuni za 2023 hadi 2025

Sheria imekoma kwa vifaa vipya, lakini kanuni zake bado zina kazi, kwa sababu wengi waliofunga vifaa katika miaka ile mitatu hawajadai haki yao. Nitakuja kwenye namna ya kuidai.

Asilimia 30 ilihesabiwa kwenye gharama, ila kulikuwa na vikomo viwili vinavyokaa pembeni kwa pembeni. Cha kwanza ni dola 2,000 kwa mwaka kwa pampu za joto, hita za maji zinazotumia pampu ya joto, na majiko au boila za kuni na mabaki ya mimea. Cha pili ni dola 1,200 kwa mwaka kwa vitu vingine vyote vikijumlishwa. Ndani ya hicho cha pili mlikuwa na vikomo vidogo: dola 600 kwa kiyoyozi cha nyumba nzima au tanuri la gesi, dola 600 kwa madirisha, dola 250 kwa mlango mmoja na 500 kwa milango yote, dola 150 kwa ukaguzi wa nishati wa nyumba. Vihami joto vya darini na ukutani havikuwa na kikomo chao, ila vilibaki ndani ya zile 1,200. Aliyejaza vyote viwili alifika dola 3,200 kwa mwaka mmoja.

Vikomo hivi vilianza upya kila Januari, na hapo ndipo palipokuwa na ujanja halali. Mwenye nyumba aliyefunga pampu mbili kwa mpigo mwaka 2024 aliishia kwenye dola 2,000. Aliyefunga moja Novemba 2024 na nyingine Februari 2025 aliweza kupata hadi 2,000 mara mbili.

Kazi ya fundi iliingia kwenye hesabu ya mitambo, lakini kwa madirisha, milango na vihami joto ilihesabiwa bei ya vifaa tu. Pasipo stakabadhi inayotenganisha vifaa na ufundi, mtu alijikuta hana la kuonyesha.

Kifaa chenyewe kilipaswa kuwa bora. Tanuri la gesi lilitakiwa kufikisha asilimia 97 ya ufanisi, yaani karibu gesi yote igeuke joto la nyumba, na matanuri mengi yanayouzwa hayafiki huko. Pampu za joto zilipimwa kwa vipimo vya SEER2, EER2 na HSPF2 na zilitakiwa kuwa kwenye daraja la juu lililowekwa na muungano wa mashirika ya ufanisi wa nishati. Mnunuzi wa kawaida hakuhitaji kuvikariri. Alihitaji cheti cha mtengenezaji kinachosema kwamba namba hii ya modeli inastahili. Kwa vifaa vilivyofungwa 2025 liliongezwa sharti la kuandika kwenye fomu ya kodi utambulisho wa mtengenezaji, herufi na tarakimu 4 alizosajiliwa nazo IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani. Bila hizo, dai la 2025 halisimami.

Nani aliruhusiwa? Kwa pampu na mitambo mingine ya kupasha na kupoza, hata mpangaji aliyelipia kifaa katika nyumba anayoishi. Kwa madirisha na vihami joto, mwenye nyumba anayeishi humo tu. Mwenye nyumba aliyeipangisha bila kuishi ndani hakuruhusiwa kwa lolote, na nyumba mpya inayojengwa haikuhusika. Ilitakiwa iwe nyumba iliyokwisha kusimama.

Kuna pacha wa sheria hii anayechanganya watu, kifungu 25D. Huyo alihusu paneli za jua, betri na pampu za joto zinazochota joto ardhini kupitia mabomba yaliyofukiwa. Asilimia ilikuwa 30 vilevile, lakini pampu za ardhini hazikuwa na kikomo cha fedha. Mtambo wa ardhini wa dola 30,000 ulileta nafuu ya dola 9,000, wakati mtambo wa hewa wa bei hiyo hiyo uliishia kwenye 2,000. Na kilichobaki bila kutumika kiliruhusiwa kuvuka kwenda mwaka unaofuata, jambo ambalo 25C haikuruhusu kabisa. Aliyeambiwa na muuzaji "pampu yako inapata asilimia 30" alipaswa kuuliza swali moja kabla ya yote: inachota hewani au ardhini? 25D nayo ilikomeshwa mwisho wa 2025.

Ukuta ambao wauzaji hawakuutaja

Nafuu ya 25C inaweza kuishusha kodi yako hadi sifuri na hapo inasimama. Kinachozidi hakirudishwi kama fedha taslimu, hakihamishwi mwaka ujao, kinapotea. Kanuni hii moja ndiyo iliyoamua nani afaidike, kuliko bei ya pampu, kuliko ubora wake.

Tupige hesabu ya wanandoa wasio na watoto wanaowatunza, mapato yao ya mwaka 2025 yakiwa dola 45,000. Sheria inawaondolea dola 31,500 ambazo hazitozwi kodi. Zinabaki 13,500, na kwa asilimia 10 kodi yao ni karibu dola 1,350. Wamefunga pampu ya dola 12,000. Asilimia 30 ni 3,600, kikomo kinaishusha hadi 2,000, na kodi yao inaishusha tena hadi 1,350. Dola 650 zimeyeyuka. Jirani yao mwenye mapato ya dola 150,000, aliyefunga pampu ile ile kwa bei ile ile na fundi yule yule, anachukua 2,000 zote.

Sasa wape wanandoa hao watoto wawili wadogo, kama ilivyo kwa familia nyingi za kwetu, tuone. Watu hudhani watoto watasaidia. Nafuu ya watoto kwa 2025 ni dola 2,200 kwa kila mmoja, jumla 4,400, na sehemu yake isiyozidi 1,700 kwa mtoto inaweza kurudishwa taslimu hata kama kodi imekwisha. Bila pampu, familia hii ingefuta kodi yake yote ya 1,350 kwa nafuu ya watoto, kisha ikarudishiwa 3,050 zilizobaki. Ikiwa na pampu, fomu inataka nafuu ya pampu itangulie: ndiyo inayofuta zile 1,350, na nafuu ya watoto inabaki nzima, ila ya kurudishwa inagota kwenye 3,400. Toa 3,050 kwenye 3,400. Pampu ya dola 12,000, yenye nafuu iliyotangazwa ya dola 2,000, imeiongezea familia hii dola 350.

Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa nikiogopa nimekosea, maana matokeo yake yanasikitisha. Familia inayohitaji zaidi mashine ya kupunguza bili ya umeme ndiyo iliyopewa kidogo zaidi ya wote, na hakuna aliyewaambia hivyo walipokuwa wanatia saini mkataba wa miaka kadhaa wa kulipia mtambo.

Hili halikuwa la familia moja moja. Wachumi Severin Borenstein na Lucas Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochambua takwimu za kodi kuanzia 2006, walikuta kwamba asilimia 60 ya nafuu za nishati safi zilikwenda kwa moja ya tano ya Wamarekani wenye mapato makubwa zaidi, na kwamba tatu za tano za chini kwa pamoja zilipata karibu asilimia 10. Baadaye Davis aliangalia pampu za joto zenyewe ziko kwenye nyumba za nani, na akakuta zimeenea karibu sawasawa kati ya wenye kipato kidogo na wenye kingi. Kinachotofautisha ni hali ya hewa ya mahali na bei ya umeme. Yaani mashine si ya matajiri. Njia ya kuilipia ndiyo iliyowapendelea.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, nao huwaumiza wanaostahili. Mtu anasema: mimi sidaiwi kodi yoyote, kila mwaka IRS wananirudishia fedha, kwa hiyo nafuu hainihusu. Huyo amechanganya kodi na salio. Fedha anazorudishiwa zinatokana na makato ya kila mshahara yaliyozidi kodi yake ya mwaka. Kinachoangaliwa ni kodi nzima ya mwaka kabla ya kuhesabu makato hayo. Kama kodi yake ilikuwa dola 2,300 na alikatwa 3,000, nafuu ya 1,500 inaishusha kodi hadi 800, na anarudishiwa 2,200 badala ya 700.

Wale waliopata punguzo kutoka kwa kampuni ya umeme au mpango wa jimbo nao walikuwa na hesabu ya ziada. Punguzo la bei hutolewa kwanza, ndipo asilimia 30 inapigwa kwenye kilichobaki. Pampu ya dola 12,000 iliyopunguzwa 8,000 ilihesabiwa kama pampu ya dola 4,000, nafuu ikawa 1,200.

Siku ya fundi kuondoka

Mwishoni mwa 2025 palikuwa na haraka kubwa. Watu walilipa malipo ya awali Novemba na Desemba wakiamini kwamba stakabadhi yenye tarehe ya 2025 inatosha. Sheria haiangalii siku ya kulipa. Kwa 25C inaangalia siku kifaa kilipofungwa na kuwa tayari kutumika, na kwa 25D matumizi huhesabiwa kufanyika siku ufungaji ulipokamilika. Mtambo uliolipiwa wote Desemba 2025 lakini ukafungwa Januari 2026 haupati kitu. Kwa miaka ya nyuma ni hivyo hivyo: pampu iliyolipiwa Desemba 2023 na kufungwa Januari 2024 ni ya fomu ya 2024. Mwenye stakabadhi ya malipo peke yake atafute pia karatasi inayoonyesha tarehe ya kazi kumalizika; mara nyingi ni ankara ya mwisho ya fundi au kibali cha ukaguzi cha jiji.

Na muuzaji yeyote anayeahidi nafuu ya serikali kuu ya asilimia 30 kwa pampu ya hewa ya kufungwa nyumbani baada ya mwisho wa 2025, mwombe akuandikie ni kifungu gani cha sheria. Usitie saini kabla hajaandika.

Kilichobaki mezani

Aliyefunga kifaa kinachostahili kati ya 2023 na 2025 na hakudai, bado ana njia. Kwa kawaida mlipa kodi ana miaka mitatu tangu alipowasilisha fomu kuomba irekebishwe, na aliyewasilisha mapema huhesabiwa aliwasilisha siku ya mwisho ya Aprili. Hivyo fomu ya 2023 inarekebishika hadi Aprili 2027, ya 2024 hadi Aprili 2028, ya 2025 hadi Aprili 2029. Anajaza Fomu 5695 ya mwaka husika (ya mwaka husika kweli, si ya mwaka huu, maana zinabadilika) na Fomu 1040-X. Stakabadhi na cheti cha mtengenezaji havitumwi. Vinatunzwa nyumbani kwa siku watakapouliza.

Kwa wenye kipato kidogo, msaada wenye maana zaidi uko nje ya kodi kabisa, na ninatamani ungetangazwa nusu tu ya kelele zilizotangaza nafuu hii. Mpango wa serikali kuu wa kukarabati nyumba zisipoteze joto upo tangu 1976: kwa familia zenye mapato yasiyozidi mara mbili ya mstari wa umaskini, mafundi wanakuja kukagua nyumba, wanaziba nyufa, wanaweka vihami joto, wanatengeneza au kubadilisha mtambo wa joto, na familia hailipi. Wapangaji wanaruhusiwa kuomba, mwenye nyumba akiridhia. Mwingine, LIHEAP, ulioanza 1981, unasaidia kulipa bili za kupasha joto na kuzuia umeme au gesi visikatwe. Maombi hupokewa na ofisi za misaada za mahali mtu anapoishi, na nimeona watu wenye hali ngumu wakiyaogopa wakidhani ni mikopo. Jina limeharibika tena.

Sheria ya 2022 pia ilitenga dola bilioni 4.5 za punguzo la bei zinazosimamiwa na majimbo, hadi dola 8,000 kwa pampu moja ya joto kwa familia zenye kipato cha chini na cha kati, likitolewa pale pale kwenye ankara. Kila jimbo lina ratiba na masharti yake, kwa hiyo anayepanga kununua aanzie ofisi ya nishati ya jimbo lake kabla ya kuzungumza na fundi. Maine, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wameanza maisha mapya Portland na Lewiston, haikusubiri Washington. Ilijiwekea mwaka 2019 lengo la pampu mpya 100,000 ifikapo 2025, ikatumia mapunguzo ya bei yanayokuwa makubwa kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, na ikavuka lengo hilo mwaka 2023, miaka miwili kabla. Na Maine ni jimbo la baridi kali, kwa wale wanaoambiwa kwamba pampu hizi hazifai penye theluji.

Turudi kwenye bahasha. Jirani yangu anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na mapato yake ya 2024 yalikuwa dola 36,000. Tukatoa dola 14,600 zisizotozwa kodi. Kwenye 21,400 zilizobaki kodi yake ilikuwa dola 2,300 na ushei. Asilimia 30 ya 5,200 ni 1,560, ndogo kuliko kikomo cha 2,000 na ndogo kuliko kodi yake, kwa hiyo ilistahili kuingia yote. Namba ya modeli tuliisoma kwenye bamba la mashine ya nje kwa tochi ya simu, tukaitafuta kwa mtengenezaji, cheti kikapatikana. Ule utambulisho wa mtengenezaji haukuhitajika kwa vifaa vya 2024. Jioni moja ilitosha.

Alipomaliza kutia saini aliomba jambo moja zaidi. Nimwandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kwamba hii si mkopo na hakuna atakayemdai, ili Jumapili ampelekee yule kijana wa kanisani.